Abiria wa Siti Iliyong'olewa

Mizani ya mzee Onesphory ilikuwa imepima mchele wa nusu ya Kariakoo, na kila ubishi uliozuka mbele yake ulikwisha kwa yeye kugonga sahani ya chuma kwa ncha ya kiatu na kusema, "Hii haina mjomba." Adhuhuri hiyo mwanawe Hillary na fundi Bakili walipandisha pikipiki juu ya mizani hiyo, wakasoma, wakaishusha, wakaipandisha tena. Mshale ulisimama palepale uliposimama kabla hawajang'oa hata skrubu moja.

"Haiwezekani," alisema Hillary. "Tumeng'oa siti ya abiria, vikanyagio vyake, madigadi, stendi kubwa, na ekzosi mbili tumezifanya moja. Mabaki nimeyabeba mwenyewe, nusura yanivunje kiuno. Halafu uzito uleule?"

Bakili alikuwa ameinama akitazama springi za nyuma. Pikipiki ilikuwa tupu, na springi zilikuwa zimebonyea kama zinavyobonyea mtu akikaa.

"Mizani ya mshua imechoka," Hillary akaamua mwenyewe, akacheka. Baba yake hakucheka.

Ilikuwa pikipiki nzuri, tuseme ukweli. Silinda mbili, umbo la zamani, tangi la mviringo na taa moja kubwa mbele, aina ambayo wazee wakiiona wanakumbuka ujana wao hata kama ujanani walikuwa wanatembea kwa miguu. Hillary aliinunua kwa mzee mmoja wa ghorofani karibu na Posta, aliyekubali bei ya kwanza bila kubisha, jambo ambalo lingetosha kumkimbiza mtu yeyote aliyekulia Kariakoo. Mzee aliapa kwamba hajawahi kupakia mtu. Lakini ngozi ya siti ya mbele ilikuwa mpya kabisa, na ya nyuma ilikuwa imechakaa, imelainika, imeshika umbo.

Bakili aliliona hilo akaendelea na kazi. Hillary alitaka pikipiki ya mashindano ya ridhaa, yale ya vijana wanaokodi uwanja wa lami nje ya mji na kuzunguka mpaka mmoja ashinde kikombe cha bati, na kile Hillary alichokitaka Bakili alikifanya. Walisoma pamoja chuo cha ufundi. Kibanda cha gereji pale mtaa wa Gerezani alichokitumia Bakili kilikuwa cha Hillary, na Hillary hakuwahi kumwambia neno la pango. Marafiki wa namna hiyo hawaokotwi.

Basi alikata mkia wa chasi, akachomelea bomba lililopinda, akaweka nundu ya faiba pale alipokuwa akikaa abiria. Siti yenyewe aliichana. Gerezani hakitupwi kitu, na ndani ya siti ile mlikuwa na sponji ya kigeni, nzito, ukiibonyeza inarudi polepole kama inayofikiri. Aliifunika kwa kipande cha kitenge akaipeleka nyumbani Magomeni.

Mkewe Zamzam alikuwa fundi cherehani, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Hii walikuwa wakiilea kama wanaobeba taa ya chemli kwenye upepo, na Bakili alikuwa ameacha hata kumwombea mtoto awe wa kiume au wa kike. Alichotaka ni azaliwe hai.

"Kalia hii, mgongo upumzike," alimwambia, akaitandika kwa mkono wake juu ya kigoda cha cherehani.

Zamzam alikaa, akacheka. "Ina joto. Kama kuna mtu kanyanyuka sasa hivi."

Kesho yake Hillary alipiga simu akipiga kelele. Ameipima tena, imeshuka uzito wa mtu mzima! "Umetoa nini usiku, mchawi wewe?"

"Sijatoa kitu," alisema Bakili, na hakusema uongo kwa kujua.

Kwanza ilikuwa harufu. Udi uliochanganyika na petroli. Bakili alijinusa nguo, akaoga mara mbili, na harufu ikabaki shingoni mwa mkewe. Kisha Zamzam akaanza kuinama. Mjamzito hujirudisha nyuma akitembea, kila mtu anajua, ila yeye alikwenda ameinamia mbele, mabega yamebonyea, na jirani yao Anifa akamuuliza uani kwa utani kama amebeba mume mgongoni. Zamzam hakutabasamu.

"Mume wangu," alinong'ona jioni ile, midomo ikimgusa sikio, kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa tatu. "Kuna mikono imenizunguka kiunoni. Juu ya tumbo. Inanishika kama mtu anavyokushika akiwa nyuma ya pikipiki."

"Ni mtoto anageuka."

"Mtoto haweki kidevu begani. Ananiuliza. Kila nikikaa ananiuliza, mbona tumesimama?"

Bakili akamwambia apumzike. Hilo ndilo alilomwambia, na tangu siku hiyo hakuna neno analolichukia kuliko hilo.

Kesho yake alasiri, akirudi kutoka Gerezani, aliisikia cherehani tangu mwanzo wa kichochoro, ikienda kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi, na mlangoni amesimama Anifa na khanga yake mdomoni, akimwambia kwa sauti ya chini kwamba imekuwa hivyo tangu asubuhi, ameita haitikiwi, na Bakili alipoingia alimwona mkewe amekaa juu ya kile kigoda, hakuna kitambaa mbele yake, hakuna uzi kwenye sindano, miguu yake mitupu ikikanyaga kile chuma chini, inakanyaga, inakanyaga, ngozi ya nyayo imechanika na damu inaruka ukutani, na nywele zake, ndani ya chumba ambacho hata pazia lilikuwa limetulia, zilikuwa zinapeperuka kwenda nyuma.

"Nisimamishe," alisema Zamzam. Machozi yalikuwa yamemkauka. "Nakuomba nisimamishe."

Alimkumbatia, akamvuta. Ilikuwa kama kuvuta ukuta. Watu wawili walikuwa juu ya kigoda kile, na mmoja hakutaka kushuka.

Maalim Seifu, msomaji dua wa mtaani, aliletwa wakati wa magharibi. Alikuwa mzee mwembamba, si mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Ulimpa nini?"

Bakili akaeleza yote, pikipiki, siti, sponji. Maalim alichoma ubani, akasoma, akamwekea Zamzam mkono utosini huku miguu ikiendelea kukanyaga, na ile sauti iliyotoka mdomoni mwa Zamzam ilikuwa ya msichana, tamu, ya mtu aliyechoshwa na kusubiri.

"Nilikuwa na pangu. Sikumgusa mtu. Mkapang'oa."

"Shuka kwa huyu mja wa Mungu," alisema Maalim.

"Nishuke niende wapi? Nipeni mwingine. Anayekwenda kasi. Huyu anachoka, na hicho alichokibeba tumboni kinaniminya."

Maalim alitoka naye Bakili uani.

"Mimi nimewahi kufukuza majini, kijana wangu. Huyu hafukuziki. Huyu hupokezwa mtu kwa mtu, kwa mkono wa anayetoa au kwa ulimi wake. Alikuwa na siti yake, hakuwa na haja ya kumshika mtu. Sasa ameshaonja mwili. Hata ukimrudishia sponji yake, atamshika mwenye usukani."

"Nikiirudisha pikipiki ikae tu gereji?"

"Pikipiki iliyosimama hatapanda."

"Na mke wangu ana muda gani?"

Maalim akatazama chini. "Mtoto ana mpaka kesho. Mama, sijui."

Kesho ilikuwa siku ya mashindano.

Usiku huo Bakili alijipa sababu zote ambazo mtu hujipa. Hillary hana mke. Hillary ana nguvu. Hillary akishikwa watatafuta mtaalamu mkubwa, baba yake ana uwezo. Labda atamshika kidogo tu. Zilikuwa sababu nzuri, na alizichukia zote, na kila cherehani ilipoongeza kasi alizihesabia ukweli zaidi.

Alfajiri alimwinua Zamzam kidogo, kwa nguvu zake zote na za Anifa, akaichomoa sponji chini yake. Uwanjani, Hillary alipokwenda kujiandikisha, Bakili aliilegeza nundu ya faiba, akaisukumia sponji ndani kwa mkono wake mwenyewe, akakaza skrubu. Springi za nyuma zikashuka taratibu. Harufu ya udi ikampita usoni.

Hillary alirudi amevaa ngozi na kofia, anang'aa. "Oya, mbona imekaa chini nyuma?"

"Nimelegeza springi. Itashika lami vizuri kwenye kona."

"Ndiyo maana nakupenda, mwanangu." Akampiga bega, akapanda. Mara akatulia, akageuza shingo kutazama nyuma yake, hakuona kitu. "Joto leo, eh?"

Simu ililia wakati bendera ya kuanzia inashuka. Ni Anifa, analia na kucheka. "Miguu imesimama! Amelala, kaka Bakili, amelala kama mtoto!" Bakili akapiga magoti kwenye vumbi, akamshukuru Mungu, na wakati huohuo akasikia uwanja mzima ukishangilia.

Hillary alikuwa anawapita watu kama wamesimamishwa. Injini ile aliyoitengeneza Bakili, yenye bomba moja na kabureta zilizochokonolewa mpaka zikaimba, ilikuwa inalia sauti ambayo hakuiweka yeye. Kwenye kona alilala mpaka goti likagusa lami, na hakugusa breki. Alishinda, wa pili hata haonekani. Bendera ikapepea, wenzake wakapunguza mwendo wakaingia pembeni, mzee Onesphory akiwa amevaa shati la Jumapili akanyanyua mikono juu, na Hillary akapita mbele yao bila kupunguza, akazunguka, akapita tena, na safari hii waliokuwa karibu walimsikia ndani ya kofia akipiga yowe, na waamuzi wakapunga bendera nyekundu, na yeye akaachia usukani mkono mmoja akajaribu kubandua kitu kisichoonekana tumboni mwake, akapita tena, na tena, mwendo ukizidi, mafuta yaliyowekwa ya mashindano tu yakiwa yamekwisha zamani na injini bado inavuta, mpaka baba yake akaanza kukimbia lamini na mikono imetandazwa, akimwita kwa jina la kikwao la utotoni, na Hillary, ili asimgonge baba yake, akageuza usukani kuelekea ukutani.

Bakili alifika wa kwanza. Kofia ilikuwa imepasuka. Hillary alikuwa hai, macho wazi, na alimtambua.

"Ni wewe uliyempandisha," alisema.

"Hillary, nisamehe. Zamzam..."

"Aliniambia." Alikuwa anaongea polepole, bila hasira. "Akaniuliza, nikitaka ashuke nimpe nani. Nikakutaja wewe. Akakataa. Anasema watu wazima wanachoka upesi." Damu ikamtoka pembeni ya mdomo. "Nikamtaja huyo ambaye hajazaliwa. Nilidhani nitaishi, mwanangu. Nilitaka kuishi tu."

Mzee Onesphory alipofika kumpakata mwanawe, hapakuwa na mwana aliye hai wa kupakatwa.

Zamzam alijifungua jioni ileile, mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kali. Muuguzi alimfuta, akamlaza, na mtoto akaacha kupumua. Akamnyanyua kwa hofu, akakimbia naye kuelekea kwa daktari, na hapo ukumbini, kwenye mbio, mtoto akavuta pumzi na kulia. Daktari akamlaza kumsikiliza moyo. Midomo ikageuka buluu. Walimpima kila walichojua kupima, wakasema hana ugonjwa. Maalim Seifu alikuja mpaka kizingiti cha nyumba, akanusa, akasema maneno ya pole, hakuingia.

Siku hizi Kariakoo wanawajua. Wauza vitambaa wa Mtaa wa Kongo wanasogeza mikokoteni wakimwona Bakili anakuja na mtoto begani, maana wameshamwona siku msongamano ulipomsimamisha, wakaisikia ile kelele aliyoipiga. Kibanda cha Gerezani mzee Onesphory alikichukua na Bakili hakudai. Anakwenda Msimbazi, anashuka Jangwani, anapandisha Magomeni, anageuka. Mtoto ananenepa. Akitembezwa kasi anacheka, kicheko kitamu ambacho watoto wa umri wake bado hawajakijua.

Saa ya zamu, Zamzam hutokea mbele yake kwa viatu vya raba, miguu imefungwa bendeji, na huanza kutembea kabla hajafikiwa ili wawe mwendo mmoja. Hawasalimiani. Anapokea mtoto huku wote wawili wakitembea, anamweka kifuani, anaongeza hatua. Bakili huketi palepale ukingoni mwa barabara, anaegemea nguzo ya umeme, na analala mpaka mkewe arudi.