Ajira Ile Ile, Saa Nyingine

Wanafunzi wa chuo kikuu walimwita Mama Hadubini. Yeye ndiye aliyetunza hadubini zote za maabara. Kila asubuhi alizipanga mezani, akazifuta vumbi, akaandaa dawa za somo la siku. Mwanafunzi akigusa kioo kwa kidole, alisikia sauti nyuma yake: "Mwanangu, hilo ni jicho. Jicho haliguswi!"

Aliipenda kazi yake. Tena alikuwa ameajiriwa kwa kudumu.

Kisha mama mkwe wake akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Daktari alisema atapata nafuu, ila apelekwe kliniki kila asubuhi kufanya mazoezi.

Nani ampeleke? Mume wa Mama Hadubini alikuwa seremala. Alifanya kazi mbali, na aliondoka alfajiri.

"Labda niache kazi mimi," mume alisema.

"Uache kazi? Tutamuuguza mama kwa maneno matamu?" mkewe akajibu. "Ngoja nizungumze na mkuu wangu."

Mkuu wa idara alikuwa mtu mwema, lakini daima mbiombio.

"Pole sana, mama," alisema. "Mbona rahisi! Acha ajira ya kudumu, uwe kibarua. Utakuja saa unazoweza."

Mama Hadubini alirudi nyumbani akitabasamu. Alimkuta jirani yake akianika nguo. Jirani huyo alifanya kazi katika maktaba ya chuo hicho hicho. Pia alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

"Jirani, mambo yamenyooka! Ninakuwa kibarua."

Jirani aliacha shuka likining'inia upande mmoja. "Umeshatia saini?"

"Bado. Kesho."

"Basi kesho usitie! Dada, hapa kuna mambo mawili, na mkuu wako ameyafunga kitita kimoja. Jambo la kwanza ni aina ya ajira. Mwajiriwa wa kudumu ana likizo, ana ruhusa ya ugonjwa, ana akiba ya uzeeni. Wa mkataba ana haki zake mpaka mkataba uishe. Kibarua je? Huitwa kazi ikiwepo. Ikiisha, kwaheri."

"Na jambo la pili?"

"Saa za kazi. Saa zinaweza kubadilika, ajira ikabaki ile ile. Unaweza kuomba kuingia mchana na kutoka jioni. Ukipunguza saa, mshahara nao utapungua, lakini bado utabaki wa kudumu."

Mama Hadubini alishika kiuno. "Kumbe nilitaka kubomoa nyumba nzima ili nihamishe dirisha!"

Wakacheka wote wawili.

"Lakini watakubali?"

"Wanaweza kukataa. Ndiyo maana usipeleke shida tupu. Peleka shida pamoja na mpango. Wakikubali, yaandikwe. Maneno ya mdomo hupeperuka. Nikusindikize?"

"Hapana, jirani. Nitakwenda mwenyewe. Nikikwama, nitakuita."

Kesho yake alisimama mbele ya mkuu wa idara.

"Mkuu, sitaki ukibarua. Naomba kubaki wa kudumu, saa zangu zihamie mchana mpaka jioni."

"Na somo la asubuhi nani ataliandaa?"

"Mimi, jioni iliyotangulia, kabla sijatoka. Mwenzangu wa maabara atafungua na kusimamia. Nimeongea naye. Ana watoto wadogo, anapenda kuingia mapema na kutoka mapema. Na wale wanafunzi wa jioni, wanaokuta mlango umefungwa kila siku, sasa watanikuta."

Mkuu aliweka kalamu chini. Safari hii hakuwa na haraka. "Hao wa jioni wamenilalamikia sana," alisema. "Haya, tujaribu muhula mmoja."

Ofisi ya utumishi ikayaandika makubaliano, na wote wakatia saini.

Muhula ulipokwisha, maabara ilijaa hata jioni. Mkuu wa idara hakuuliza tena. Alisema tu, "Tuendelee hivi hivi."

Siku iliyofuata Mama Hadubini alikuwa kliniki na mama mkwe wake. Mazoezi yalipokwisha, alinyoosha mkono amshike.

"Leo usinishike," mama mkwe alisema. Alikamata fimbo, akavuta mguu wa kushoto, akatembea mpaka mlangoni. Pale aligeuka, jasho likimtiririka, akicheka. "Haraka, mwanangu! Utachelewa kazini kwa sababu ya kunisubiri mimi? Wewe ndiye unayejikokota!"