Hodi ya Ndani

Jacinta alikuwa jirani yangu hapa Makadara, chumba kwa chumba. Ndugu zake wote wako bara. Huku alikuja na kazi ya ofisi ya reli, basi. Miezi ilipita pasi na mtu kumbishia hodi isipokuwa mimi, nami nilikuwa nikifuata chumvi.

Likizo ilipofika akataka kutembezwa mji. Tukakaa kizingitini na simu yake tukichagua kampuni. Moja ilikuwa na basi lenye kiyoyozi, nyingine chakula cha mchana. Akachagua ile ndogo kabisa, ya Muhdhar wa Mji wa Kale, kwa kuwa alimwambia kwa simu, "Kwetu hatembei mtu peke yake, dada."

"Kampuni huchaguliwa kwa gari," nikamtania.

"Mimi nataka watu, Mahfudha."

Lilikuwa kundi zuri, alinisimulia. Vicheko, kahawa chungu, kashata. Wakaingia kichochoroni, penye nyumba kuukuu iliyotiwa kufuli kwa nje. Muhdhar alikuwa akieleza nakshi za mlango. Mlango ukabishwa. Kwa ndani.

"Hodi," sauti ikasema, ya upole.

Sisi wenyeji tunajua: hodi ya ndani haiitikiwi. Muhdhar alidhani kila mtu anajua. Jacinta alilelewa akiambiwa kwamba kuinyamazia hodi ni kukosa adabu.

"Karibu!" akaitika.

Muhdhar akakatisha maneno. "Nani alokwambia uitike?" akanong'ona. Akaliharakisha kundi. Tangu hapo hakuna aliyetembea ubavuni mwa Jacinta. Alirudi peke yake.

Jioni ile nikamsikia akicheka chumbani. Nilifurahi, wallahi. Asubuhi nje ya mlango wake palikuwa na makubadhi ya kiume, yamekakamaa, yana vumbi jeupe.

"Una mgeni?"

"Ninaye," akanong'ona, ameubana mlango. "Hasemi sana. Lakini haondoki."

Uso ulikuwa umemsinyaa. Nikamsihi twende kwa shehe, kwa padri wake, popote.

"Akiondoka, nitabaki na nani?"

Akaufunga mlango.

Ijumaa hakutoka. Mwenye nyumba akavunja mlango, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Vikombe viwili vya chai, kimoja hakijaguswa, kimefanya utandu. Viatu vyake vya ofisi chini ya kitanda. Yeye hayupo. Makubadhi hayapo. Polisi wakaja, wakaandika, wakaenda zao. Mlango ukatengenezwa, ukatiwa kufuli kwa nje.

Leo baada ya alasiri nilikuwa naanua nguo. Mlango wa Jacinta ukabishwa.

Kwa ndani.

"Hodi, Mahfudha."

Sauti yake. Ya upole.

Nikauma ncha ya leso. Akabisha tena. Anajua nipo. Maskini Jacinta, hakutaka kitu duniani ila wa kumwitikia, na mimi nasimama hapa machozi yananitiririka, meno kwenye leso.

Hodi ikakoma.

Nikageuka niingie kwangu. Kizingitini yapo makubadhi yale. Kando yake, vimepangwa vizuri, viatu vya Jacinta vya ofisi, vimejaa vumbi jeupe.