Siwema Avuka Mto Ruvu

Mwaka 1975, Siwema na mumewe Kibwana walihamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Dutumi. Walitoka Magindu, na hawakuwa wameuzoea mto. Nyumba zilikuwa upande huu wa Ruvu, shamba la mpunga la kijiji lilikuwa ng'ambo. Wengi waliogopa mamba. Siwema akajifunza kupiga kafi, akawa mvushaji.

Masika yalipoanza, mto ulijaa. Siwema alielekeza mtumbwi moja kwa moja kwenye kivuko cha ng'ambo. Alipiga kafi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hata hivyo, kila siku maji yalimpeleka upande wa chini wa mto, kwenye matete. Siku ya tatu mtumbwi uligonga kisiki. Abiria mmoja, Mwanajuma, alitumbukia majini na mtoto wake mgongoni. Watu waliwaopoa wote wawili, wazima lakini wakitetemeka.

Jioni kamati ya kijiji ilikutana.

"Siwema, huna nguvu," alisema mwenyekiti, Mzee Mwinyimadi. "Mpe Mashaka kafi. Yule ni kijana, ana kasi."

"Simpi," alijibu Siwema.

"Unabishana na kamati?"

"Nabishana, mzee wangu. Kama kosa ni langu, nitalisahihisha mwenyewe. Nipeni mpaka Jumamosi."

Kesho yake alasiri alikwenda darasa la watu wazima. Alimwonyesha Mwalimu Ponsiano viganja vyake.

"Mwalimu, napiga kafi haraka sana. Mbona sifiki ninapotaka?"

Ponsiano alimjibu kwa swali. "Watu wawili wanatoka Mlandizi pamoja. Kila mmoja anatembea kilomita tano kwa saa. Baada ya saa moja, watakuwa mahali pamoja?"

"Si lazima," alisema Siwema. "Mmoja anaweza kwenda Kibaha, mwingine Chalinze."

"Umesema kweli. Kasi yao ni moja, lakini hawaelekei upande mmoja. Kasi inatuambia mtu anakwenda haraka kiasi gani. Ukitaja kasi pamoja na upande anaoelekea, hiyo inaitwa velositi."

"Na mtoni je?"

"Mtoni kuna miendo miwili. Wewe unakwenda ng'ambo, maji yanakwenda chini. Mtumbwi unafuata yote miwili kwa pamoja. Ndiyo maana unakwenda mshazari."

Siwema alisimama. "Basi nikielekeza mbele ya mtumbwi juu kidogo, kule maji yanakotoka?"

"Sehemu ya mwendo wako itashindana na maji. Sehemu itakayobaki itakuvusha."

"Kumbe sikukosa nguvu," alisema Siwema. "Nilikosa upande!"

Ijumaa alijaribu mara nne. Kibwana alikaa naye mtumbwini, akiogopa, lakini hakushuka. Mara ya nne wakafika kivukoni.

Jumamosi kijiji kizima kilikuja mtoni kuwatazama Siwema na Mashaka wakishindana kuvuka. Waliondoka pamoja, Mashaka katika mtumbwi wa kuazima. Alielekea ng'ambo moja kwa moja, akipiga kafi kwa nguvu. Watu wakashangilia. Siwema alielekea juu.

"Anakwenda wapi huyu?" mtu mmoja alicheka.

Siwema hakugeuka. Mtumbwi ulisogea polepole, kama unaoteleza ubavu. Mashaka aligusa ukingo kwanza, lakini mbali chini, katikati ya matete. Kitambo kidogo baadaye Siwema alifika kivukoni hasa. Alimshusha abiria wake, Mwanajuma. Hata nguo zake hazikulowa.

Siwema aliporudi, mwenyekiti alisema, "Lakini Mashaka ametangulia."

"Ametangulia kufika kwenye matete, mzee. Shamba letu haliko huko."

Watu walicheka. Mashaka mwenyewe alikuja na matope mpaka magotini. "Dada Siwema, nifundishe," alisema. Tangu siku hiyo walipokezana kuvusha watu. Masika yale hakuna mwingine aliyeanguka majini, na mpunga ulivunwa wote.

Siku ya kwanza ya mavuno Mzee Mwinyimadi alishuka mtoni.

"Nivushe, mwanangu."

"Kaa katikati, mzee wangu," alisema Siwema. "Na humu ndani, mwenyekiti ni mimi."

Mzee akakaa.