Kijiti Chini ya Kiti cha Dereva

Enyi wenzangu wa Garsen, nanyi wa Chara mnaopita hapa na mizigo yenu, nipeni masikio niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Elmi. Wengi mmeyasikia nusu nusu. Mimi Dhadho, mchonga mitumbwi, nilikuwepo, na mkono wangu umo ndani yake, kwa hiyo sitatia chumvi.

Mwaka 1956 nyumba ile ilikuwa na amani. Elmi alikuwa na duka la nguo na sukari, na lori kuukuu la kupelekea bidhaa Kipini. Mkewe Kinsi, baada ya kungoja miaka tisa, alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi ungewakuta mkekani, chai ya maziwa ya ngamia katikati, Elmi akimtania kwamba mtoto huyo atajua bei ya sukari kabla hajajua kuita mama. Kinsi alicheka huku ameshika tumbo lake.

Kisha Elmi aliinuka kwenda kuwasha lori, na utulivu ukaisha.

Lori lile likiwa baridi lilikuwa na ugonjwa. Liliwaka, likatetemeka, likakohoa, na ukiondoa tu mguu kwenye pedeli ya mafuta, likazima. Uliwashe tena, lizime tena. Likishapata moto lilikuwa zima kabisa, ndiyo maana mwenyewe hakulishughulikia.

Siku moja fundi Chengo, Mgiriama aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita, alilisikia akasimama. Alifungua boneti, akachovya kitambaa kwenye mafuta mazito, akakikamulia pale kabureta inapoungana na injini. Lori likatulia, likanguruma polepole bila kukanyagwa. Haikuchukua muda likaanza kukohoa tena.

"Waona?" Chengo alisema. "Mafuta yaliziba kidogo tu. Hapa kati pana gasketi, karatasi ya kuziba hewa, nayo imepasuka. Injini yavuta hewa pembeni. Ikipata moto, chuma chatanuka, ufa wajiziba. Niachie asubuhi moja tu nikate gasketi nyingine."

"Asubuhi moja mimi nakosa safari," Elmi alijibu. "Mimi nimekua na ngamia, Chengo. Ngamia ukimwamsha na baridi lazima apige kelele. Wewe mwache tu, atasimama mwenyewe."

"Ngamia ana roho, bwana. Hili lina ufa."

Tuliokuwepo tulimcheka fundi. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Kesho yake Elmi alikuja kwangu. Alitaka nimchongee kijiti, ncha moja ikae juu ya pedeli ya mafuta, ncha ya pili iegemee chini ya kiti, ili lori lisizime yeye akiwa anapakia mizigo. Nilikichonga kwa kipande cha mti kilichobaki kwenye mtumbwi, nikakipima mara mbili, kikakaa sawasawa. Lori likanguruma peke yake. Elmi alinisifu mbele za watu na mimi nikavimba kichwa. Mjinga mimi! Ugonjwa ulikuwa pale pale, sisi tulikuwa tumeufunika tu.

Kinsi hakukipenda kijiti hicho tangu siku ya kwanza.

"Elmi, mguu wako unaweza kuondoka, ule wa mti hauondoki," alimwambia mbele yangu. "Mimi naogopa. Mpe Chengo hilo gari."

"Nikirudi kutoka Kipini nitampa."

Alikwenda Kipini, akarudi, akaenda tena. Kila mara ilikuwa nikirudi, nikirudi.

Mwezi wa Julai ulifika na baridi yake na manyunyu. Kinsi alitaka kujifungulia Kipini, mikononi mwa Mwanasiti, mkunga aliyeaminiwa pwani yote ile. Tulifika kivukoni alfajiri. Mimi nilikuwa na makasia ya kuuza, nikapewa nafasi nyuma. Mnaijua sheria ya feri yetu: injini huzimwa, abiria wote hushuka, na ng'ambo watu hupanda ukingo kwa miguu kwanza, gari lifuate. Mto ulikuwa umejaa na wavutaji kamba walikwenda taratibu. Tulipogusa ng'ambo, Kinsi alianza kupanda ukingo polepole kwa miguu, na lori lilikuwa limepoa kabisa.

Elmi aliliwasha likazima. Mara ya tatu wenye ng'ombe waliokuwa wakingoja kuvuka wakaanza kupiga kelele. Nikamwona akiinama. Nilijua anatafuta kijiti changu, nami sikumzuia.

Siku zote kijiti kilitumika gari limesimama, gia haijaingizwa. Siku ile, kwa haraka na haya, Elmi alikiacha pale pale, akakanyaga klachi, akaingiza gia. Injini ilivuma mpaka mbao za feri zikatetemeka.

"Ngoja, Elmi!" Hiribae, mkubwa wa feri, alipaza sauti. "Mama bado hajafika juu!"

"Namwona! Mimi nangoja!"

Na kweli alikuwa akingoja. Lakini kandambili yake ilikuwa na tope, na mguu ukateleza kwenye klachi. Lori likaruka. Alikanyaga breki, kijiti kikazidi kusukuma mafuta. Akainama kukichomoa, kikakwama, na alipokuwa ameinama hakuna aliyekuwa akitazama njia. Hiribae alimrukia Kinsi akamvuta mkono. Bampa ilimpata Kinsi nyongani ikamtupa topeni. Lori lilipanda ukingo, likaingia kwenye miiba, likaendelea kunguruma.

Kinsi alipona. Jioni ile, nyumbani kwa Hiribae, mtoto alitoka, wa kiume, hakulia. Elmi alimzika kwa mikono yake, nami nilichimba. Siku arobaini nzima Kinsi hakusema na mumewe, kisha kaka yake Mohamud alikuja akampeleka kwao Nanighi.

Ndipo Elmi alipomwita Chengo. Fundi alikata gasketi kwenye karatasi ngumu, akaibana, na jua halijafika utosini alikuwa ananawa mikono.

Tuliendesha hadi Nanighi, mimi na Elmi, tukalala nje ya kijiji. Asubuhi yenye ubaridi aliliwasha kando ya boma la Mohamud, akaondoa mguu. Lori likakaa linanguruma kwa upole. Kinsi alitoka, akasimama akilisikiliza.

"Nimelitengeneza, Kinsi," Elmi alisema. Machozi yalimtoka mbele ya wakwe zake wala hakuyaficha.

"Imechukua muda gani?"

"Asubuhi moja."

Kinsi alijifunika uso kwa shali, akaingia ndani. Hakutoka tena, na siku ile ile Mohamud akamwombea talaka.

MAFUNZO

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyowaambia watoto wetu. Elmi hakuachiwa hata ukuta wa kujenga. Ndugu zangu, kosa dogo linalojitibu lenyewe mchana ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu linatufanya tuliahirishe. Mume akisikia mkewe anasema naogopa, asimjibu nikirudi. Na wewe jirani mwenye mikono hodari, mwenzako akija umsaidie kuishi na ubovu wake, mkatalie, hata akinuna. Mimi sikukataa. Wote walimlaumu Elmi na hakuna aliyenilaumu mimi, lakini kaburi lile ni dogo, na ninajua urefu wake, maana nilishika jembe.