Udhu wa Alasiri

Sakafu ya bafu ilikuwa imelowa, na hapakuwa na mtu aliyeingia humo tangu Adhuhuri. Bi Hindu alisimama mlangoni akiitazama. Kata ya kutekea maji ilikuwa imegeuzwa kifudifudi juu ya ukingo wa birika la maji, vile alivyokuwa akiiweka marehemu mumewe, Jaha.

Alikuwa amekaa eda, hatoki nje ya nyumba yao ya Shella, Malindi. Mwanawe Mahdi alikuwa kazini. Kesho yake, Alasiri ikikaribia, akasikia kwa masikio yake: maji yanatekwa, yanamwagwa, kisha kikohozi cha Jaha cha kila anaposukutua. Bi Hindu alikaa kitandani akalia, na kilio kile kikampoza moyo.

Kwa hiyo Mahdi alipomleta fundi Karisa kulivunja birika, lile tangi la mawe na chokaa lililojengwa na wazee wao, Bi Hindu alikataa.

"Mama, tutie bomba," Mahdi alisema. "Eda ikiisha ninaoa. Mke wangu aje akute mbu?"

"Mbu hao wamekaa na baba yako miaka yote, hawakummaliza."

Karisa alicheka. Alikuwa upande wa pili wa pazia, maana mwanamke aliyekaa eda haonwi na mwanamume wa kando. "Birika lenyewe limenizidi umri, Bi Hindu. Naona haya kulipiga nyundo."

"Basi liache."

Wakaliacha. Bi Hindu akawa anasogeza kigoda chake karibu na bafu kila siku, na hata salamu akatoa. Siku moja alisikia harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililofukuliwa, akajiambia ni chokaa ya zamani. Lakini moyo haukutulia, na siku iliyofuata akasikiliza kwa makini, kama mtu anayemsikiliza mwanafunzi akisoma Kurani, na akasikia maji yakianzia miguuni, mguu wa kushoto kisha wa kulia, yakapanda masikioni na kichwani, yakaenda mikononi, yakafika usoni, na mwisho kabisa, pale mja anapopaswa kuwa tayari kwa Mola wake, ndipo viganja vikaoshwa, polepole, na yule aliyeko ndani akacheka kidogo.

Jaha hakuwahi kutawadha kinyume maisha yake yote. Na maiti harudi. Hilo Bi Hindu alifundishwa tangu chuo cha Kurani, na alikuwa amelisahau kwa kupenda kwake.

Jioni ile alimwambia Mahdi, "Mwite Karisa. Livunjwe."

Asubuhi Karisa aliinua nyundo. Kabla hajapiga, sauti ikatoka majini, laini, imechoka.

"Mahdi, mwanangu. Wanitoa niende wapi?"

Mahdi akaikamata nyundo hewani. "Ni baba."

"Si baba yako," Bi Hindu alisema nyuma ya pazia.

"Mama, hii ni sauti yake. Liacheni birika."

Karisa aliachia nyundo akarudi nyuma hadi ukutani. "Jamani," alinong'ona, "mimi leo hapa sikufika."

Bi Hindu akatoka nje ya pazia, uso wazi, na Karisa akageukia ukuta. Akaichukua nyundo mkononi mwa mwanawe, akaanza Ayatul Kursi, akapiga. Sauti ikalia. Ililia kama Jaha alivyolia siku aliyokata roho, ikaomba maji, ikamwita Hindu wangu, Hindu wangu, naye akapiga huku akisoma na machozi yakimwingia mdomoni, mpaka ukingo ukabomoka na maji yakamwagika sakafuni, meusi, yananuka.

Sauti ikakatika.

"Na kama alikuwa yeye?" Mahdi aliuliza. Hakumtazama mama yake.

"Hakuwa yeye."

Baada ya Magharibi Bi Hindu aliinua mikono amwombee mumewe. Akajaribu kumkumbuka akisoma, akicheka, akiuliza chakula. Kila alipomkumbuka, sauti iliyomjia ilikuwa moja tu, ile iliyolia ndani ya birika.