Kipuli cha Bibi Harusi

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alifagia chumba cha mbele, huku akimwangalia mdogo wake. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, walimwita Bwana Mkubwa, maana nyumba nzima ilikwenda kwa amri yake.

Chumba hicho ndicho mama yao alichofanyia kazi ya usonara. Mezani palikuwa na kibano, tupa, koleo ndogo na sinia la vitu vya wateja: mikufu iliyokatika, pete za kupunguzwa, vikuku na vipini vya pua.

"Tazama kwa macho, si kwa vidole," mama alizoea kusema. "Hivi ni amana za watu."

Siku hiyo siniani mlikuwa na vipuli viwili vya dhahabu vyenye vijiwe vyekundu. Bibi harusi mmoja alivileta vilehemiwe kulabu zake. Mama alipotoka uani kuchota maji, Chiriku alishindwa kujizuia. Alichukua kimoja, akasimama mbele ya kioo na kukiegesha sikioni. Mara akasikia ndoo ikitua mlangoni. Alishtuka, kipuli kikamponyoka, kikadunda sakafuni na kutokomea chini ya meza.

Akainama upesi. Hakukiona kipuli, alimwona Bwana Mkubwa akitafuna kitu.

"Tema! Tema!" alinong'ona, akamtia kidole mdomoni. Mtoto akameza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akaangua kilio.

"Mwenzio ana nini?" mama aliuliza akiingia.

Chiriku aliokota ufagio. "Sijui, mama. Amekohoa tu."

Mama alimpa mtoto uji, akautema. Alimpa maji, yakamrudi puani. Udenda ulimchuruzika mpaka ukalowesha shati. Mama hakungoja zaidi. Alimbeba, akamwambia Chiriku achukue mfuko wa nguo, wakaenda hospitali mbiombio.

Njiani Chiriku alitembea nyuma, akiukumbatia mfuko wa nguo. Nikisema, nitachapwa, aliwaza. Nisiposema... Hakuthubutu kulimaliza wazo hilo. Kila mtoto alipokohoa, aliongeza mwendo.

Daktari, mwanamke mmoja mpole, alimmulika mtoto kooni. "Koo limevimba. Je, kuna kitu chochote alichomeza?"

"Hapana, daktari," mama alijibu. "Alikuwa na dada yake. Angemeza kitu, huyu angesema. Huyu hafichi hata ndoto zake!"

Wote wawili wakamtazama Chiriku. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Basi nitampa dawa ya koo," daktari alisema, akashika kalamu.

Hapo Bwana Mkubwa alijinyonganyonga kwa kikohozi, uso ukamwiva, mikono ikatapatapa hewani. Chiriku akasahau kiboko, akasahau aibu.

"Amemeza kipuli!" alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyekiangusha! Nikamtia kidole nikitoe, akakimeza! Nilidanganya, mama!"

Daktari aliitupa kalamu, akaita wauguzi. Mtoto alikimbizwa chumba cha eksirei, na picha ikakionyesha kipuli kimekwama kwenye njia ya chakula. Wakampeleka chumba kingine, mlango ukafungwa.

Mama na binti walikaa kwenye benchi. Chiriku alitamani hata achapwe, lolote kuliko kungoja. Mlango uligoma kufunguka. Ulipofunguka hatimaye, daktari alikuwa ameshika kibakuli. Ndani yake kijiwe chekundu kilimeta.

"Mdogo wako yu salama," alimwambia Chiriku. "Ila siku nyingine usimtie mtoto kidole kooni, unakisukuma kitu ndani zaidi. Mwite mtu mzima papo hapo. Kulabu hii ingekaa zaidi, ingemtoboa. Ulichosema ndicho kilichomwokoa."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Mama alimvuta karibu.

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Najua. Kesho utafuatana nami kwa bibi harusi, umweleze mwenyewe kipuli chake kilikopita, hata kama atatunyima kazi." Mama alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Sasa nisikilize, mwanangu. Kuchukua amana ya mtu ni kosa, na adhabu yako ipo. Lakini kosa lile lingenipotezea mteja tu. Uongo wako ungenizikisha mtoto. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukikosea, njoo useme mapema, hata kama unaogopa. Nikikukasirikia, hasira zangu zitapoa. Mtoto akipoa, basi tena."

Kutoka chumba cha pili, Bwana Mkubwa alipiga ukelele wa kudai uji wake.