Kilio cha Kuitia Tai

Jioni hiyo Mama Toto alimsindikiza shemeji yake msituni kama kawaida. Shemeji kazi yake kupiga picha za tai na vipanga. Mama Toto humshikia kitabu cha ndege na kuandika majina. Mtoto, wa miezi saba, alibaki nyumbani na bibi yake.

Shemeji alificha spika kichakani. Ndivyo anavyowaita tai: anawasha sauti ya sungura aliyeumia, ndege anashuka akitafuta nyama.

Leo hakulia sungura.

Alilia mtoto.

Kilio kilikwama katikati kama kwikwi, kisha kikaendelea. Mama gani asingekijua?

"Shemeji. Huyo ni mwanangu."

"Nilimrekodi jana tu," alinong'ona. "Sauti ya sungura tai wameshaizoea. Tulia, usiwafukuze."

"Umemfanya mwanangu chambo?"

Damu ikamchemka. Aliinuka akaing'oe ile spika...

Likaja giza juu yao.

Harufu ya manyoya yaliyolowa. Mabawa hayakuvuma. Tawi la juu liliinama mpaka likalia. Shemeji alibonyeza kamera mfululizo.

"Tai gani huyo? Angalia mkia!"

Aangalie nini? Kitabu kizima hakikuwa na ndege mwenye kimo cha mtu.

Kile kiumbe kiliinamisha kichwa, kikasikiliza. Spika ikakatika yenyewe. Kikafungua mdomo...

Kikalia. Kilio kile kile, na kwikwi yake.

Kisha kikaruka kuelekea nyumbani kwao.

Kwenye kamera, picha zote zilionyesha tawi lililoinama. Basi.

Walikimbia njia nzima. Bibi aliwafungulia akishangaa.

"Mbona mnahema hivyo? Mtoto katulia, tangu jioni hajalia hata mara moja."

Mtoto alikuwa macho. Mdomo wazi, uso umemwiva, machozi yanamtiririka. Sauti hakuna.

Mama Toto alimkwida shemeji shati, akamgongesha ukutani.

"Kairudishe! Wewe na picha zako, mjinga mkubwa! Sauti ya mwanangu, nenda kairudishe!"

"Nitamwitia nini, shemeji?" Alikuwa analia. "Nitamwitia nini?"

Juu ya bati kukasikika makucha. Halafu mtoto mchanga akalia huko nje, kilio cha njaa.

Maziwa yakamtoka Mama Toto, yakalowesha blauzi.

"Usifungue," bibi alinong'ona, ameshikilia komeo.

Mama Toto alikuwa ameshamnyanyua mwanawe, amembana kifuani. Hasira zilikuwa bado zinamtetemesha. Na miguu yake ilikuwa inakwenda mlangoni.